Vituo vya Zorka

Mimi ni fundi saa. Kazi yangu ni kusikia
kitu kinachochelewa kabla mwenyewe hajajua.
Basi niseme nilichokiona dirishani
hapa Idrija, mtaa wa kupanda.

Zorka Lapajne hufundisha kufuma lesi
katika shule ya juu, karibu na kanisa.
Miaka ishirini amepita na mto wake wa kufumia
kwapani, vijiti vya mbao vikigonganagongana,
hata nikaijua saa moja na nusu
bila kutazama ukutani.

Mwaka jana alianza kupumzika kileleni,
kwenye ngazi za kanisa. Nani asiyepumzika kileleni?
Septemba akawa anasimama penye duka la mikate.
Nikadhani harufu.
Oktoba, kwa muuza maua.
Novemba, baridi ya kukata masikio,
akafika kwenye kioo changu, akaganda,
akatazama saa kama mtu anayetaka kununua.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikaipangusa ile ya fedha.
Siku ya tatu nikaona haangalii saa.
Macho yalikuwa dirishani, mwenyewe yumo ndani yake,
anasikiliza.
Kiganja kimelala bapa katikati ya kifua,
si kidole kinachoonyesha "hapa",
kiganja kizima, kama anayezuia mlango.

Dakika tatu. Nilizihesabu.
Kesho yake tatu, kasoro kidogo.
Kisha rangi ikamrudia usoni, akaondoka
kana kwamba hakuna lililotokea.
Na akishuka jioni hasimami popote.

Nilimwita ndani, nikamwekea kiti.
"Ni meno," akasema. "Taya la kushoto.
Daktari wa meno kashang'oa moja,
jino zima, halina hata doa. Uchungu ukabaki."
"Na ukiwa umekaa?"
"Nikikaa sina jino wala taya."
"Kifua kinauma?"
"Hakiumi." Akakasirika kidogo. "Kinabana.
Kama mtu anakaza uzi na hajui kuacha.
Halafu mkono huu unakuwa mzito, kama si wangu.
Ni kiungulia, nilikula supu ya maharage.
Ni baridi. Ni miaka sitini na miwili.
Ni mto, siku hizi umeongezeka uzito."

Sababu tano kwa uchungu mmoja:
hapo ndipo nilipoogopa.
Mficha maradhi kilio humuumbua, husemwa.
Zorka hakuficha. Aliyapa majina mengine tu.
Saa ikisimama mara moja ni bahati mbaya;
ikisimama kila siku kwenye jino lile lile la gurudumu,
usiilaumu baridi.

Nikavichora vituo nyuma ya risiti:
kanisa, mikate, maua, mimi.
"Unaona? Vinashuka mlima. Vinakuja nyumbani kwako.
Na siku kitakapokukuta umekaa,
au usipopata nafuu baada ya dakika chache za kupumzika,
usihesabu. Piga simu ya ambulensi."
Aliitazama ile risiti muda mrefu,
anavyotazama lesi ya mwanafunzi yenye kosa,
akitafuta fundo lilipoanzia.

Hospitalini walimwambia jambo dogo lenye jina refu:
mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba,
na moyo ukipanda mlima unadai damu isiyofika.
Kilio chake hukitolea popote,
tayani, begani, mgongoni,
kama mtoto wa jirani anayegonga mlango usio wao.

Sasa ana kichupa mfukoni, cha kupuliza chini ya ulimi.
Mto hubebwa na mwanafunzi, kijana mmoja Anže,
naye huuangusha.

Jana alipita bila kusimama.
Nilitoka mlangoni, nikamfuata kwa macho.
Kwa muuza maua alisimama.
Nikatazama kiganja: kilikuwa kwenye pochi.
Alinunua maua, nadhani.

Saa hajanunua mpaka leo.